Sange Aliyeacha Koti Mlangoni

Mkishiba ndipo mnaponikumbuka. Mkiwa na njaa mnaikumbuka sufuria, mimi hamnijui. Haya, kaeni. Wewe unayejikuna, jikunie kule. Nitaisema mara moja tu, na atakayenikatiza kuuliza "halafu?" ataondoka hapa aende akaoshe vyombo.

Hapo kale, kale ambayo hata nyanya yangu aliikuta imeshakwisha, wanyama walikuwa na nyumba, na nyumba zilikuwa na milango, na milangoni walikuja wageni. Tembo walikuwa na nyumba kubwa kupita zote, juu ya mto. Mwenye nyumba aliitwa Makunjo. Alikuwa mpole, mkweli, na hakuwa na shuku hata ya kuazima. Shuku aliyonyimwa yeye alipewa dada yake mkubwa, Bi Kizito, mjane, ambaye akisalimiwa vizuri mno alikwenda kwanza kuhesabu kuku.

Sasa sikilizeni desturi yao, maana asiyeijua hadithi itampita.

Tembo hawakuandika kitu. Mambo yao yote yalikaa katika wimbo mmoja: nani alimzaa nani, nani alijenga nini, nani ana haki gani. Watoto waliimbiwa wimbo huo kila adhuhuri wakilazwa. Mtoto akikua, akitaka kwenda kujenga kwake, hakupewa hata kijiko mpaka auimbe wote bila kudondosha neno. Huko aendako naye atawaimbia wanawe, neno kwa neno, na wanawe wana wao. Ukitokea ugomvi, wazee hawakubishana. Waliita watoto waimbe. Walichoimba watoto ndicho. Na neno likishaimbwa na watoto, halitolewi.

Mmesikia tembo akisifiwa kwamba hasahau. La pili hamwambiwi: asiyesahau haoni haja ya kuchunguza.

Katikati ya wimbo kulikuwa na maneno haya:

*Mvumo akamzaa Pua Ndefu,*
*Pua Ndefu akamzaa Bapa,*
*Bapa akajenga ghala, ghala likalisha nyumba.*

Yashikeni hayo.

Masika moja mvua inapiga, chururu chururu, Bi Kizito akasikia hodi. Hodi yenyewe ndogo, ya chini, kama inabishwa na ukucha. Hakufungua. Aliuliza nani.

"Mtu mdogo aliyelowa, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Wadogo ni wengi, na leo waliolowa ni wote. Una jina?"

Alikuwa Sange. Kama hamumjui, ni mnyama wa kadiri ya panya, miguu kama njiti, na pua ndefu inayochezacheza kama inatafuta kitu ilichokiangusha. Alivaa koti zuri lenye vifungo. Bi Kizito alipochungulia mwanya wa mlango, akamwona analivua koti lile mvuani, analitundika kwenye mti nje ya kizingiti.

"Koti linaweza kuficha kitu," alisema Sange. "Mimi sitaki kushukiwa. Naliacha nje, naingia mtupu kama nilivyozaliwa. Nikagueni mpendavyo."

Makunjo alicheka mpaka masikio yakapiga kuta. Akasema huyu ndiye mgeni mwenye adabu, afunguliwe. Bi Kizito akafungua, lakini akamkagua kwapani, akamkagua chini ya mkia, akampanulia vidole kimoja kimoja. Hakuona kitu. Akarudi kwenye kunde alizokuwa akipukuchua, na moyoni akajiuliza: aliyeacha koti nje, ameingia na nini?

Jambo la kwanza Sange aliloomba ni kuonyeshwa ghala. Akasema kwao sifa za ghala la tembo zimefika. Bi Kizito akampeleka mwenyewe, ufunguo wa mti mkononi. Kwa vile ilikuwa masika, nafaka ya mwaka uliopita ilikuwa imekwenda. Ulibaki mtama wa kuonea haya. Sange akanusa mlangoni, akatazama juu, akatazama chini, akatikisa kichwa kidogo, kisha akaufunga mlango kwa mkono wake. Hakuchukua hata punje.

Makunjo alipoambiwa alisema, "Si unaona, dada?"

"Naona. Mwizi anayeiba namjua. Huyu asiyeiba anangoja nini?"

Adhuhuri watoto wakalazwa, wakaimbiwa. Sange alijikunyata kizingitini, macho kayafumba kama aliyelala. Lakini Bi Kizito hakuwa akitazama macho. Alikuwa akitazama pua. Wimbo ulipofika *Mvumo akamzaa Pua Ndefu*, ile pua ikasimama. Waliposema tena *Pua Ndefu akamzaa Bapa*, ikatetemeka. Majina mengine yote yakapita, pua imelala chini kama uzi.

Kesho yake Sange akasema yeye si mtu wa kula bure. Wa kulima si yeye, wa kuchota maji si yeye, lakini kubembeleza watoto anaweza, apewe kazi hiyo mama zao wapumzike. Nani atakataa? Akawa anakaa katikati yao adhuhuri, anapiga mguu chini, ndu-ndu-ndu, ndu-ndu-ndu, na kuimba kwa sauti ya puani. Watoto walimpenda kuliko uji. Mama zao walimpenda zaidi, kwa sababu walikuwa wakilala.

Bi Kizito hakulala. Ila alikuwa na kazi zake, na shuku hailimi shamba. Mvua ikakatika, mtama ukachanua, ukavunwa. Ndipo adhuhuri moja, anapita na ungo kichwani, akasikia watoto wanaimba:

*Mvumo akamzaa Pua Ndefu,*
*Pua Ndefu akamlea Kidogo,*
*Kidogo akalala kizingitini,*
*jua likikaza ufunguo ni wa Kidogo,*
*Kidogo akamlea Pua Ndefu,*
*Pua Ndefu akamzaa Bapa...*

Ungo ulishuka wenyewe. Alimkuta Makunjo anaota jua, akamwambia kuna mtu ameingizwa kwenye ukoo.

Makunjo akawaita watoto waimbe. Wakaimba wote kwa pamoja, pamoja na Kidogo, bila kusita. Ikasikika vizuri, laini, kama imekuwapo tangu dunia ina maji.

"Watoto wameimba, dada."

"Watoto wamefundishwa. Sikiliza wewe, mdogo wangu. Ukiona pindo katikati ya kanga, ujue ni kanga mbili zimeungwa. Pua Ndefu ametajwa mwanzo, akatajwa tena mwisho, na katikati amekaa mtu hatumjui. Halafu huyo Kidogo alilelewa na Pua Ndefu, kisha akamlea Pua Ndefu. Babu yetu alinyonyeshwa na mtoto wake?"

"Labda babu alipata uzee mbaya."

"Makunjo!"

Lakini sheria ilikuwa sheria, na Makunjo hakuwa tembo wa kuvunja sheria kwa sababu ya kanga. Neno likishaimbwa halitolewi. Tena, akasema, kuna ubaya gani? Kidogo analala kizingitini. Si ndipo anapolala kila siku? Na ufunguo ni mpaka jua likaze. Jua halijakaza.

Kilichomuudhi Bi Kizito zaidi ni kwamba Sange alianza kuwa na faida. Sange wengine walikuja hodi, nao wamelowa, nao wana makoti ya kutundika. Huyu wa ndani hakuwangoja hata wamalize shikamoo. Aliruka kizingitini, ndu-ndu-ndu, akawaambia nyumba hii ina mwenyewe, waende zao. Wakaenda. Makunjo akasema mlinzi gani angepatikana kwa bei ya makombo?

"Mwizi hapendi kuiba na wenzake," alijibu Bi Kizito. Hakuna aliyemsikiliza. Mtu akishuku kila siku, siku ya kweli yake haina rangi tofauti.

Watoto wakakua. Mmoja akajenga bondeni, mwingine ng'ambo ya mto, mwingine huko kwenye miwaa. Kila mmoja aliondoka na wimbo wote, hakudondosha neno. Na kila nyumba mpya ilipopata mlango, alionekana kisange kidogo kimelala kizingitini. Ukikiuliza kimetokea wapi, kinasema kiulizwe wimbo. Wimbo ulikuwa unasema hivyo kweli. Nyumba moja ikawa nyingi, na Sange mmoja akawa wengi, wala hakuwa amebeba hata jiwe la kujengea. Tembo ndio waliombeba, midomoni mwao, kwa bidii, bila makosa.

Kisha jua likakaza.

Halikuja kwa hila. Mto ukawa kamba, kamba ikawa uzi. Nyasi zikavunjika zenyewe. Ghala la Makunjo lilikuwa limejaa mpaka darini, maana Bi Kizito alikuwa amevunisha kama anayefukuzwa, na mtama ule ndio ungewavusha watoto mpaka mvua. Hapakuwa na kingine. Tembo mkubwa anaweza kutafuna magome, mtoto hawezi.

Nyumba ya bondeni ilipigwa na jua kwanza. Ilikuwa ya Nyonda, binti Makunjo. Siku moja asubuhi Nyonda akatokea uani na wanawe wawili, ngozi imewaning'inia kama nguo ya kuazima. Bi Kizito akawanywesha kwanza, hakuuliza kitu. Kisha akauliza kimoja tu: yule wa kizingitini alisema nini?

"Aliamka, Shangazi. Miaka yote amelala, siku hiyo akaamka. Akasema jua limekaza, ufunguo ni wa Kidogo. Mume wangu akaita watoto waimbe. Wakaimba. Tukampa."

"Akafungua."

"Akaingia peke yake, akapiga mguu. Sijui wenzake walitoka wapi. Walijaa humo ndani mpaka kuta zikapasuka, wakafumuka kama kumbikumbi. Hawakuacha punje, hawakuacha ukuta. Wakatawanyika kutafuta nyumba nyingine."

Bi Kizito akatazama kizingitini kwake. Sange alikuwa amekaa kitako, hakulala. Alikuwa akitazama juu, analipima jua. Uzuri ni kwamba siku hizo alikuwa ameacha kubembeleza watoto. Wimbo ulishashika, ajichoshe kwa nini? Alishinda akizunguka ghala na kulinusa pembe hadi pembe, na nyuma ya ua Bi Kizito alianza kuona pua ndefu ndefu zinachomoza kwenye majani makavu na kurudi.

Angefanya nini? Kumkanyaga? Mnatamani akanyagwe, najua. Wangekanyaga mmoja, nyumba nyingine zingebaki na wa kwao, na wimbo ungebaki ukisema ufunguo si wa tembo. Kuutoa mstari hawezi, watoto wameuimba. Alikaa na kunde zake, anapukuchua, anafikiri. Mwisho akajiambia: kilichoingia kwa kubembeleza, kitaguswa kwa kubembeleza. Nami sitatoa neno. Nani kasema nitatoa?

Adhuhuri ile akawafuata watoto yeye mwenyewe, na chungu cha uji. Akawaimbia wimbo wote, kizee kizee, taratibu, neno kwa neno. Mvumo alikuwapo. Pua Ndefu alikuwapo, mara zake zote mbili. Kidogo alikuwapo, kalala kizingitini. Na alipofika kwenye jua, akaimba:

*jua likikaza ufagio ni wa Kidogo.*

Kitoto kimoja cha kike, kijuaji kama baadhi yenu, kikanyanyua kichwa. "Bibi, mbona Sange huimba ufunguo?"

"Sange ana pua ndefu mno. Maneno humpotelea njiani. Lete bakuli."

Kikaleta bakuli. Watoto ni watoto: neno la mwenye chungu ndilo hushika. Kesho yake akaimba tena, na keshokutwa, na watoto wa Nyonda wakaimba na wenzao, mpaka ikawa ukisikia huoni mshono.

Haikupita siku nyingi, jua likasimama juu ya paa likakataa kuondoka. Sange akaruka katikati ya ua. Ndu-ndu-ndu. Nyuma ya ua kukajibu, ndu-ndu-ndu, ndu-ndu-ndu, pande zote, kama mvua ya mawe ardhini. Akamwamkia Makunjo vizuri sana, akasema jua limekaza, naye anaomba kilicho chake.

Makunjo alikuwa amemsikia binti yake. Alikuwa amekonda, na si kwa njaa peke yake. Lakini akamwambia dada yake kwa sauti ndogo kwamba tembo asiyefuata wimbo si tembo, ni nyama kubwa tu. Akawaita watoto. Bi Kizito alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono wake umeushika ufunguo. Watoto wamekwisha kumwimbia yeye. Mbele ya baba zao je? Neno la Sange likiwarudia ulimini, ni basi.

Wakaimba. Mstari wa kwanza, wa pili. Mvumo. Pua Ndefu. Sange akafumba macho kwa raha, pua inatetemeka. Kidogo akalala kizingitini.

*Jua likikaza ufagio ni wa Kidogo.*

Sange akafumbua macho. "Wamekosea. Ni ufunguo."

Makunjo akageuza kichwa chake kikubwa, polepole. Akauliza kama mgeni anasema watoto wa tembo wamekosea wimbo. Sange akasema hasemi hivyo, ila hapo neno limebadilishwa.

"Tumsikilize," alisema Bi Kizito. Sauti yake ilikuwa tamu, na waliomjua wakasogea nyuma. "Mgeni anasema wimbo wa tembo hubadilishwa. Sisi hatujui mambo hayo, mwanangu. Tueleze. Hubadilishwaje? Huingiliwa mahali gani? Adhuhuri, watoto wakilala? Na anayefanya hivyo huwa ni mtu wa namna gani, ana pua au hana?"

Sange akisema wimbo haubadilishwi, basi ufagio ni wake. Akisema hubadilishwa, basi aseme nani alianza. Pua ikaenda kulia, ikaenda kushoto, haikupata njia.

Akili ya Makunjo ilikuwa kama yeye mwenyewe, haikimbii, lakini ikifika imefika. Alimtazama Sange, akamtazama dada yake, akakumbuka pindo katikati ya kanga. Akashusha pumzi ikapeperusha vumbi la ua mzima.

"Watoto wameimba," alisema. "Neno likishaimbwa halitolewi. Mpeni ufagio wake."

Sange hakungoja. Alikimbilia nje kwenye mti, alichukue koti lake aondoke kwa heshima iliyobaki. Mti ulikuwapo. Koti lilikuwa limeliwa na mchwa siku nyingi. Ilibaki kola na kifungo kimoja. Akawageukia wenzake nyuma ya ua, lakini nani atamjua sange asiye na koti, tena yule yule aliyewafukuza mlangoni kila masika? Wakamnusa, wakaona ghala halifunguki, wakatawanyika. Nyuma yake Bi Kizito alikuwa amesimama mlangoni na ufagio wa chelewa.

"Usiende mbali," alimwambia. "Wimbo unasema unalala kizingitini."

Nyonda aliteremka na wanawe nyumba kwa nyumba, chungu cha uji kichwani, akiwabembeleza watoto wa watu. Palipokuwa jua bado halijakaza, neno likashika. Palipokwisha kukaza, hakukuta mtu wa kuimbiwa. Na nyumba yake mwenyewe haikurudi; hadithi hairudishi nafaka.

Mgeni akivua koti mlangoni, mkague ulimi.

Ama Sange, alilipa. Hakuuawa, hakufukuzwa, na hilo ndilo lililomuuma: alikuwa ametaka akae katika wimbo wa tembo, na humo akabaki, hatoki tena. Nendeni vichakani asubuhi mtaona vinjia vyembamba, safi, jani halimo. Ni yeye. Hukimbia akifagia, fya, fya, fya, anafika mwisho, anageuka, anaanza upya. Akisikia kishindo cha tembo husimama, hupiga mguu, ndu-ndu-ndu, hutazama juu kuona kama jua limekaza. Likikaza anajua lake ni nini. Huinama, hufagia.